Fundo la Shingoni mwa Ndama

Kijana wa Nkende huijua kamba kabla hajaijua kalamu. Kata hii iko pembezoni mwa mji wa Tarime, na ingawa nyumba zinazidi kuota, mahindi na migomba bado vipo, na ng'ombe bado wapo. Mtoto akifikia umri wa kutumwa hukabidhiwa ndama na kamba yake. Hakuna anayemkalisha chini kumfundisha mafundo. Huyaona mikononi mwa kaka zake, akayaiga, akakemewa anapokosea, mpaka vidole vinazoea.

Kwa kazi ya kila siku mafundo hayo ni mawili. La kwanza hukaa shingoni mwa mnyama, nalo ni kitanzi kisichobana. Ndama avute, arudi nyuma, alale, aamke, kitanzi kinabaki na upana uleule kiliopewa. Asiyejua kulifunga anaweza kuamka asubuhi akamkuta ndama amenyongwa na kamba. La pili hukaa kwenye kigingi au kwenye mti. Hilo hufungwa kwa kukunja mkia wa kamba na kuupenyeza ukiwa umekunjwa vilevile, ili ukivutwa mara moja lote lifumuke. Nalo lina maana yake. Dume akichachamaa, au akijizonga kamba miguuni, mwenye ng'ombe hana nafasi ya kuhangaika na fundo lililokaza. Anavuta mkia na mnyama yuko huru.

Nataka kusimulia kisa cha kijana aliyeshuka na mafundo hayo mawili hadi ziwani, akatumia lisilofaa. Simpi jina wala siutaji mwalo wake, kwa kuwa ni wa kubuniwa, na kisa chenyewe ni cha kufunzia. Lakini upepo, kamba na maji vilivyomponza ni vya kweli, na wapo watakaosoma hapa wakamtambua mtu wao.

Alishuka mwaka ambao mahindi yalimtupa. Alipanda gari Tarime hadi Mika, akapita Utegi hadi Shirati, na kutoka hapo pikipiki ikamfikisha mwaloni. Rorya ilikuwa sehemu ya Tarime mpaka ilipofanywa wilaya mwaka 2007, na watu wa juu na wa chini wamezoeana siku nyingi: ndizi na mahindi hushuka, dagaa hupanda. Ila kula dagaa tangu utotoni hakumfundishi mtu ziwa.

Tajiri aliyempokea alikuwa mzee wa Kijaluo, mwenye mtumbwi mmoja mkubwa wa mbao na injini. Kijana alimwamkia, akajibiwa, akaitwa mura, yaani kijana kwa Kikurya, akaulizwa swali moja.

"Mura, unajua kuogelea?"

"Kidogo, mzee."

"Kidogo huku tunaita hapana. Utaanzia nchi kavu."

Kwa hiyo akaanza na kazi za nchi kavu: kupokea samaki, kuanika dagaa, kukung'uta nyavu, kukumba maji yaliyoingia mtumbwini, na mtumbwi ukirudi, kuufunga. Kazi hiyo ya mwisho hakuna aliyemwonyesha. Nani amwonyeshe mtoto wa wafugaji kufunga kamba? Yeye mwenyewe angeona ametukanwa.

Dagaa huvuliwa gizani. Wavuvi huwasha taa juu ya maji, zamani karabai, siku hizi taa za betri na sola, na dagaa huufuata mwanga. Mwezi ukiwa mpevu mwanga umeenea kila mahali, taa haina mvuto, na mitumbwi mingi hupumzika. Ndiyo maana mvuvi wa dagaa huhesabu riziki yake kwa giza. Mtumbwi ukipotea wakati wa mbalamwezi, hasara ni ya mtumbwi. Ukipotea giza linapoanza, mtumbwi umeondoka na chakula cha mwezi mzima cha kila aliyekuwa akipanda humo.

Giza lilikuwa ndiyo limeanza. Siku hiyo injini ilikuwa imesumbua, fundi akaichukua, na mtumbwi ukabaki mwaloni ukiwa na nyavu na taa ndani. Saa tisa alasiri kijana aliufunga kwenye kigingi kilichokuwa mchangani karibu na maji. Alitumia kamba mpya ya plastiki, ya buluu, iliyonunuliwa wiki hiyo, na fundo la kigingi kama alilolifunga maelfu ya mara nyumbani. Mwenzake, mvuvi kijana aliyezaliwa palepale ufukweni, alipita amebeba ndoo akamuuliza, "Umefunga?"

"Nimefunga."

Na alikuwa amefunga kweli. Hapo ndipo pa kusimama kidogo, kwa sababu hakuna aliyedanganya wala aliyezembea kwa namna ambayo jicho lingeona. Ufukwe wa Mara uko mashariki mwa Ziwa Viktoria. Mchana jua huchemsha nchi kavu upesi kuliko maji, hewa ya juu ya nchi hupanda, na ile ya ziwani huja kushika nafasi yake. Kwa hiyo alasiri upepo hutoka majini kuja nchi kavu, ukiusukuma mtumbwi kwenye mchanga. Kamba hulegea mpaka ikalala chini. Fundo lolote linatosha saa tisa alasiri. Hata kamba iliyowekewa jiwe juu ingetosha.

Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, na hewa yake iliyopoa na kuwa nzito huteremka kuelekea ziwani. Uso wa ziwa uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Tarime iko juu zaidi ya hapo kwa mamia ya mita, kwa hiyo upande huu hewa ina mteremko wa kutosha wa kushukia. Upepo ule unaowafanya watu wa Nkende wajifunike blanketi la pili ndio unaoishia kuvuta mitumbwi ya Rorya kutoka ufukweni. Na kuna jambo la pili. Pande zote za ziwa hupumua hivyo hivyo usiku, pepo zikakutana katikati, hewa ikapanda na kujenga mawingu ya radi. Hii ndiyo sababu tufani nyingi za ziwani huja kati ya usiku wa manane na alfajiri, saa ambazo mfunga kamba amelala.

Usiku ule kamba ilinyooka kwa mara ya kwanza. Ng'ombe akivuta kamba huvuta, akachoka, akatulia. Mtumbwi hauchoki. Kila wimbi huuinua na kuushusha, kamba ikikaza na kulegea, ikikaza na kulegea, saa baada ya saa. Fundo hubanwa wakati wa kukaza na huachia kidogo wakati wa kulegea. Kamba ya katani ina nywele zinazoshikana, na ikilowa huvimba na kujibana. Plastiki mpya ni telezi na ina ukaidi wa kutaka kunyooka, kwa hiyo kila inapolegea mkunjo wake hujirudisha kidogo. Kijana alikuwa ameacha mkia mfupi, kwani kwa ng'ombe mkia mrefu hukanyagwa. Mkunjo uliopenyezwa ulirudi nyuma kidogo kidogo mpaka ukatoka. Fundo lile lilitengenezwa ili lifunguke kwa mvuto mmoja, nalo likafanya kazi yake.

Alfajiri mtumbwi ulionekana. Hili ndilo lililoleta msiba, maana kama ungekuwa umepotea kabisa watu wangekaa chini wakafikiri. Ulionekana, umekaa kimya juu ya maji, na kila aliyekuwa pale aliona kwamba hauko mbali. Macho hayajui kupima umbali juu ya maji. Yule mwenzake, aliyejua kuogelea kuliko wote, alivua shati akaingia. Walimwita wachache, wengi walimshangilia.

Mtumbwi usio na mtu wala injini hukaa juu juu ya maji, ubavu wake wote ukiwa wazi kwa upepo. Kwa mtu aliye ufukweni unaonekana umesimama, kumbe unakwenda. Mwogeleaji huanza na nguvu nyingi, hufika nusu ya umbali aliokuwa ameukadiria, akainua kichwa, akakuta mtumbwi umebaki mbali vilevile. Hapo hufanya kosa la pili, anaongeza mwendo. Anapokubali kwamba hataupata, nguvu zimeshamwishia, na kurudi ni kurudi kinyume cha upepo uleule na mawimbi madogo yanayompiga usoni kila anapotaka kuvuta pumzi. Hakuwa na jaketi la kuokolea wala kitu cha kuelea nacho.

Mtumbwi wa jirani ulitafutwa, kasia zikatafutwa, mafuta yakatafutwa. Ulipotoka, kichwa cha mwogeleaji kilikuwa hakionekani tena. Walimpata kesho yake.

Na mtumbwi? Mchana wa siku ileile upepo wa ziwani ulivuma kama kawaida yake ya kila siku, ukaurudisha. Wavuvi wa mwalo mwingine waliukuta umejikwamisha kwenye mafunjo, nyavu na taa zikiwa ndani, wakapiga simu. Kamba ilikuwa bado kwenye pua yake, nzima, haina hata uzi uliokatika.

Sijui mahali ambapo uangalifu hututoka upesi kama ufukweni. Katikati ya ziwa kila mtu ana hofu yake, na hofu humfanya mtu ashike vitu vizuri. Tukiiona nchi kavu tunajiona tumeshafika. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia gati la Bwisya, kisiwani Ukara, kikitokea Bugolora, Ukerewe. Kilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 101 na kilibeba zaidi ya mara mbili ya hao. Watu 228 walikufa mbele ya macho ya jamaa zao waliokuwa wakiwasubiri kuwapokea. Kivuko kikubwa na mtumbwi wa dagaa havifanani, na sababu za ajali ile hazikuwa fundo. Lakini ufukwe ule unaoonekana uliwadanganya watu wa Bwisya kama ulivyowadanganya watu wa mwalo wetu, kwamba kilichobaki ni kidogo.

Matanga yalipokwisha, kijana alikwenda kwa tajiri kumuaga. Alitaka kurudi Nkende. Mzee hakumkaripia. Alimpa kipande cha kamba.

"Mura, nyumbani ndama unamfungaje shingoni?"

Kijana alifunga kitanzi bila kukitazama, akamrudishia. Mzee akakivuta kwa nguvu zake zote, akakiachia, akakitikisa, akakivuta tena. Hakikubana wala hakikulegea.

"Umeshuka nalo toka kwenu, ukaliacha mfukoni. Hilo ndilo la mtumbwi. Lile jingine ni la mtu aliyesimama karibu."

Kisha akasema neno ambalo kijana hakulitarajia: kwamba yeye ndiye tajiri, mtumbwi ni wake, na siku ile alipita mara mbili mbele ya kigingi bila kuinama. Kwa maoni yangu hapa mzee alisema kweli yote. Mialo yetu imejaa vijana walioletwa na ukame, na kila mwenye mtumbwi huamini kwamba kufunga kamba ni jambo ambalo kila mtu huzaliwa nalo. Kijana anafundishwa kushika usukani, anafundishwa kuita samaki kwa taa, na kamba anaachiwa. Neno "nimefunga" hupokelewa kama ripoti kamili. Ilitosha mtu mmoja ajongee, auvute mtumbwi kwa uzito wa mwili wake, atikise fundo mara chache, nalo lingefumuka mbele ya macho yake kungali mchana.

Alichofundishwa kijana katika siku zilizofuata ni hiki, na nakiandika kwa urefu kwa sababu mkono hauwezi kukisia.

Kwenye pua ya mtumbwi, kwenye pete au tundu la mbao ngumu, kiwekwe kitanzi kisichobana. Pitisha mkia wa kamba kwenye pete na urudi nao upande wako. Juu ya kamba ndefu, ile inayokwenda ufukweni, fanya kijiduara kidogo, upande unaotoka kwenye pete ukiwa umelala juu ya upande unaokwenda ufukweni. Uingize mkia kwenye kijiduara hicho kutokea chini, uzungushe nyuma ya kamba ndefu, kisha uushushe tena kwenye kijiduara kilekile. Shika mkia pamoja na kitanzi kwa mkono mmoja, kamba ndefu kwa mkono mwingine, na ukaze. Mkia ubaki urefu wa shibiri angalau, na kwa plastiki zaidi ya hapo. Kama kamba ni telezi, uchukue mkia huo uufunge tena kwenye ubavu wa kitanzi. Bila hivyo hata fundo hili huweza kujilegeza kwenye kamba ngumu inayochezacheza.

Ufukweni hali ni nyingine, kwa sababu pengine utafunga huku mtumbwi unavuta. Kitanzi cha ndama hakifungiki kamba ikiwa imekaza. Hapo zungusha kamba kwenye nguzo mizunguko miwili kamili kabla hujafanya lolote. Mizunguko hiyo hushika nguzo kwa msuguano, na mtu mmoja anaweza kuuzuia mtumbwi mzito kwa mkono mmoja tu huku akijipanga. Kisha pitisha mkia juu ya kamba ndefu, uuzungushe chini yake na uutoe katikati, ukaze. Rudia mara ya pili kwa mwelekeo uleule. Wapo wanaoruka mizunguko ile miwili wakaongeza vifundo vya juu, vitatu, vinne, rundo zima. Rundo hilo hutia moyo kwa kulitazama, lakini mzigo wote unaangukia kifundo cha kwanza, na asubuhi limekaza mpaka linataka kisu.

Kigingi cha kijana hakikung'oka, lakini mzee alikilaani nacho. Kigingi kwenye mchanga uliolowa kinataka kuzama sana, kichwa chake kiinamie upande wa nchi kavu, na kamba ifungwe chini kabisa karibu na ardhi. Kamba iliyofungwa juu hukitikisa kigingi mpaka kikajichimbia tundu la kutokea. Mti ulio hai ni bora. Jiwe kubwa ni bora pia, ila jiwe lina meno: kamba inayosugua jiweni usiku kucha hukatika bila fundo kuwa na kosa. Kipande cha mpira au gunia kikivishwa pale inapogusa huiongezea maisha.

Kamba yenyewe huzeeka. Plastiki haiozi majini kama katani, na kwa hiyo watu huiamini kupita kiasi. Jua huila. Ikianza kumwaga unga na vijiuzi ukiifikicha, haifai tena kwa mtumbwi, ikafungie kuni. Na kila fundo hupunguza nguvu ya kamba mahali lilipo, kwa hiyo kamba iliyounganishwaunganishwa ina sehemu dhaifu nyingi kama ilivyo na viungo. Mwaka 2022, tarehe 6 Novemba, ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba ikiwa na watu 43, wavuvi ndio waliofika kwanza. Mmoja wao, Majaliwa Jackson, alisaidia kufungua mlango abiria wakatoka, kisha akajaribu kuwaokoa marubani. Alisimulia baadaye kwamba alifunga kamba kwenye mlango wa chumba chao na mitumbwi ikaivuta. Kamba ikakatika, ikampiga usoni akapoteza fahamu. Watu 19 walikufa siku ile, marubani wote wawili wakiwemo. Sisemi kwamba kamba nzuri zaidi ingebadilisha mwisho ule, kwa kuwa kuvuta mlango wa ndege si kazi ya kamba ya mtumbwi. Nasema tu kwamba huku kwetu kamba iliyo mtumbwini ndiyo inayokutwa na kila dharura, na siku ikihitajika hakuna muda wa kwenda kununua nyingine.

Urefu wa kamba ni suala ambalo watu wa pwani wanalijua kuliko sisi. Unguja na Dar es Salaam wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka karibu mita 4, kwa hiyo mtu akifunga chombo gatini maji yakiwa yamekupwa bila kuiachia kamba nafasi, maji yakijaa chombo hicho huinamishwa na kamba yake au huing'oa. Ziwa Viktoria halina kupwa na kujaa kwa kadiri hiyo, na hilo hutulevya. Lakini nalo hupanda, polepole, kwa miezi. Mwezi Mei 2020 maji yalifikia kiwango kilichokipita kidogo kile cha mwaka 1964, yakamegua fukwe na kuzifunika sehemu za mialo. Vigingi vilivyokuwa nchi kavu vikawa majini, na ardhi iliyovishika ikawa tope. Aliyeendelea kufunga palepale kwa mazoea alikuwa akifunga kwenye kitu kisichokuwepo tena. Gugu maji nalo, ambalo liko ziwani tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, husafiri na upepo kwa vipande vinavyoweza kuwa na upana wa uwanja mzima. Kipande kikiegemea mtumbwi usiku, mvuto wa kamba ni mwingine kabisa. Pakiwa na gugu jingi jirani, kamba moja haitoshi. Ziwekwe mbili, kwenye nguzo mbili tofauti, pamoja na nanga upande wa maji.

Kijana hakurudi Nkende mwaka ule. Mzee alimtaka afunge usiku, taa zikiwa zimezimwa na kamba ikiwa imeloweshwa, kwa kuwa mtumbwi hurudi gizani na kwa mikono iliyokufa ganzi. Fundo la kigingi hakulikataza. Lina kazi yake mwaloni, pale dagaa wanaposhushwa na mtumbwi utaondoka tena baada ya dakika chache, mtu akiwa ameishika kamba. Alichokataza ni mtu kuliacha peke yake.

Na kwa kuwa fundo bora nalo linaweza kushindwa, kamati ya usimamizi wa mwalo ule (BMU) iliwakusanya vijana ikasema wazi la kufanya mtumbwi ukionekana umeondoka. Mtu asiingie majini kuufuata, hata awe mwogeleaji wa namna gani, hata uonekane karibu. Awaite wengine. Utoke mtumbwi mwingine wenye watu wasiopungua wawili, injini iliyojaribiwa kwanza, majaketi ya kuokolea yakiwa yamevaliwa na kufungwa, simu ikiwa kwenye mfuko usiopitisha maji, na mtu mmoja abaki ufukweni akiwatazama bila kuondoa jicho. Wingu la mvua likiwa limekaa juu ya ziwa, wasitoke. Mialo ya jirani ipigiwe simu kwanza, kusini na kaskazini, kwa kuwa mchana upepo hugeuka na mtumbwi una nafasi kubwa ya kutua kwa mtu. Mtu akiwa ameshaingia majini, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lipigiwe 114 palepale, na wakati huohuo atupiwe chochote kinachoelea: dumu tupu lenye kifuniko, boya la wavu, ubao. Dumu la lita 20 lililozibwa vizuri linatosha kumshikilia mtu mzima juu ya maji mpaka mtumbwi umfikie. Tangu siku hiyo kila kigingi cha mwalo ule kina dumu lake tupu, limefungwa kwa kamba, na kwa ajili ya dumu hilo tu wanatumia fundo linalofumuka kwa mvuto mmoja.